Mfereji Ulioishia Katikati ya Katwe

Juzi binti mmoja aliyeajiriwa katika kazi ileile niliyoifanya mpaka nikastaafu alikuja kwangu Kamwokya, hapa Kampala, akakaa kwenye kochi langu lililobonyea, akaniuliza kwa heshima ya mtu aliyesoma: "Habuba, fedha za serikali zikifika mahali, mahali pale huendelea au hapaendelei?" Habuba ndivyo wajukuu zangu wanavyoniita, maana sisi ni Wanubi na kwetu bibi ni habuba. Nikamwambia anywe chai kwanza. Chai yangu ina tangawizi nyingi, ikamkaba koo, akakohoa, tukacheka, na swali likapotelea hapo. Alipoondoka nilijua kwamba nilikuwa nimelikwepa. Basi haya ni yake, na ni yenu nyote mnaoingia katika kazi hii na viatu vipya.

Nianze na viatu hivyohivyo. Vueni. Nunueni gambuti zile nyeusi za plastiki, na msizioshe zikang'aa. Mtu wa bondeni akikuona na kiatu kisafi anakuita "nyabo", yaani bibi mheshimiwa, kwa sauti nzuri na hakuambii lolote la maana.

Kazi yetu haina jina tamu. Kwenye mkataba waliandika afisa wa jamii. Mafundi waliniita Mama Rangi, kwa sababu nilitembea na kopo la rangi nyekundu nikitangulia mashine. Barabara au mfereji ukitaka kupita, mimi ndiye niliyefika wa kwanza kueleza kinachokuja, nani atasogea, nani atabaki, kisha nachora alama ya X kwenye ukuta au kibanda kitakachoguswa. Siku hizi mna tableti zenye ramani inayozungumza, mna magrupu ya WhatsApp, mna kile kidude kinachoruka juu na kupiga picha mabati ya watu. Sisi tulikuwa na ramani ya karatasi, na karatasi haikuambii kwamba umeishika kichwa chini.

Mimi niliishika kichwa chini wiki yangu ya kwanza. Nikachora X kubwa kwenye kibanda cha mkaanga chapati ambaye hakuhusika hata kidogo. Watu wakamhurumia, wakaanza kuja kununua kwake kama wanaomuaga. Nilipogundua kosa nikaenda na tambara na mafuta ya taa kufuta. Akanizuia kwa mikono miwili. "Mama, acha! Tangu uchore sijalala na chapati hata moja." Mpaka leo pale panaitwa Kwa Eksi, na mwenyewe ameajiri wakaangaji wengine.

Aliyenifundisha kazi ni mpimaji mmoja, mzee Kasirye, Muganda mpole aliyetembea na punje za kahawa iliyokaushwa mfukoni akizitafuna kutwa. Alikuwa na chombo chake cha kupimia juu ya miguu mitatu, lakini kabla ya kukisimamisha alikuwa anawaita watoto na kuwauliza: "Mvua ikinyesha, mpira wenu huwa unapotelea wapi?" Watoto walimpeleka mbio, wakipita nyuma ya vyoo na chini ya kamba za nguo, mpaka mahali ambapo maji hukusanyika. Alisema mwelekeo wa ardhi angeupata mwenyewe kwa chombo, ila kwa watoto alikuwa anapata jambo la ziada: alikuwa anaona ni ua wa nani wanapita bila kuogopa, na ni wa nani wanauzunguka. "Zamu," aliniambia, maana jina langu ni Zamzam, "hapa ndipo utakapopata shida." Niliufuata mtindo huo miaka yangu yote. Mfanye hivyo hata na tableti zenu.

Sasa Katwe.

Mnaijua kwa kelele zake. Nyundo juu ya bati, mashine za kuchomelea, watu wanatengeneza sigiri za mkaa, mageti, masanduku ya shule, mikokoteni. Kwa juu, karibu na barabara, ndiko kwenye karakana. Ukishuka unakuta vyumba vya kupanga, vimebanana, halafu ardhi inakuwa laini na unaanza kuona mafunjo. Mfereji ulipita katikati, kutoka kwenye karakana kushuka mpaka kwenye kinamasi, na enzi hizo ulikuwa wa udongo mtupu. Mvua kubwa ikija, wote walilowa. Wa juu walitoa maji kwenye karakana kwa ndoo, wa chini walipandisha magodoro juu ya meza. Hakukuwa na aliyemcheka mwenzake.

Kwa sababu wote walilowa, wote walichimba. Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakaza, filimbi ya polisi ililia, na watu wakatoka na majembe na sepetu kuzibua mfereji. Mwenye filimbi alikuwa Opio, koplo mstaafu, mtu wa Lango, mrefu, mwenye miguu myembamba kama ya korongo. Alipostaafu hakurudi kwao kaskazini. Alipanga chini kule, kisha akanunua kipande chake, akajenga nyumba ya vyumba viwili, yeye na mke wake Akello. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, cha amri, lakini macho yake yalikuwa yanacheka.

Rafiki yake mkubwa alikuwa wa juu: fundi wa masanduku tuliyemwita Ssalongo tu, kwa maana ya baba wa mapacha, kama Waganda wanavyomheshimu mtu wa namna hiyo. Na Opio kwa Kilango ni jina la pacha wa kwanza kuzaliwa. Basi hao wawili, ingawa walilingana umri, walitaniana kwa hilo bila kuchoka. Ssalongo anatoka na jembe lake amechelewa, anapiga kelele: "Mwanangu Opio, umemwamkia baba yako?" Na Opio anapiga saluti ndani ya tope: "Shikamoo baba! Leo umeniletea nini?" Kiswahili cha Ssalongo kilikuwa cha sokoni, l na r zimebadilishana viti. "Nimekuretea jembe! Chimba!" Watu walicheka kila Jumamosi kana kwamba hawajawahi kuusikia utani huo.

Baada ya kuchimba, jiko la Akello lilikuwa wazi. Alipika mboga za majani kwa ufuta uliosagwa, mzito, na viazi vitamu. Nimekula kule na Waganda, na Wakongo wanaouza vitenge, na vijana wa Kenya waliofuata vyuma, na wajane wa askari. Wote walipanga mstari na sahani, na Kiswahili kibovu cha kila aina kilitosha.

Halafu fedha zikaja. Zilikuwa fedha za maendeleo, za umma, nyingine za mkopo tutakaoulipa sisi na nyinyi, za kujenga mfereji wa zege na barabara ya lami kupita karakana. Nataka mnielewe vizuri: niliruka kwa furaha. Nilikuwa nimechoka kuona magodoro juu ya meza.

Mkutano ulifanyika uwanjani. Mkuu wa mradi alizungumza Kiingereza na mimi nikatafsiri, Kiganda kwanza, halafu Kiswahili. Kazi ingekuwa na awamu mbili. Ya kwanza, juu, kuanzia barabarani mpaka mwisho wa karakana. Ya pili, chini, mpaka kwenye kinamasi.

Opio akanyoosha mkono. Aliposimama watu walinyamaza, maana walishazoea filimbi yake.

"Afande mkubwa," alisema, "maji yanashuka. Ukiyapa mbio huku juu, na huku chini mlango bado mdogo, yataenda wapi?"

Injinia wetu alikuwa dada mmoja mchanga, Birungi. Nilimwona akiinamisha kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameliandika jambo hilo na kulipeleka ofisini, akitaka tuanzie chini, kama anavyojua kila aliyesomea maji. Wakubwa wa huko walimjibu kwamba fedha za mwaka ule zilipitishwa kwa ajili ya sehemu ya biashara, kwa sababu hapo ndipo matunda yataonekana haraka, na kwamba za chini zitafuata katika bajeti ijayo. Mkuu hakueleza yote hayo. Alisema neno moja tu, nami nikalitafsiri kama lilivyo: "Awamu ya pili itakuja."

Watu wakapiga makofi. Opio akakaa. Na hapa kuna jambo la kazi ambalo hakuna shule inayolifundisha: mkuu akishapanda gari lake, watu hawamkumbuki tena yeye. Wanakumbuka sauti ya aliyewatafsiria. Kwao, aliyesema itakuja ni Zamu. Tangu hapo nikitafsiri ahadi ya mtu mwingine nasema kwanza jina lake, na namwonyesha kwa mkono.

Mashine zilihitaji njia ya kutelemsha tope lililochimbwa juu. Njia pekee ilipita uani kwa Opio, kwenye jiko la Akello. Nilifika na kopo langu nikasimama. Akello alikuwa anachagua ufuta kwenye ungo.

"Chora," aliniambia. "Unangoja nini?"

"Ni jiko lako, dada."

"Na ni mfereji wetu. Nitajenga lingine pale kando." Akaonyesha ukingoni, kwenye kipande kilichobaki kati ya nyumba na mfereji. Opio mwenyewe alizunguka kwa majirani, nyumba kwa nyumba, akiwaomba watoe nafasi kama alivyotoa yeye. Walimwamini, wakatoa. Bila yeye, awamu ya kwanza isingemalizika.

Ikamalizika, na ikapendeza. Ninyi mnaosema miradi ya umma haileti kitu, mngeiona Katwe ya juu mwaka ule. Malori yalifika mpaka mlangoni pa karakana. Wanunuzi walitoka Juba, walitoka Goma, walitoka Busia, wakapakia mageti na masanduku na kuondoka bila kukwama. Ssalongo alitoka kwenye kibanda cha mabati akaingia kwenye jengo la tofali, akaajiri vijana waliokuwa wanashinda wakicheza karata. Mabinti zake pacha walirudi shuleni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maji ya kunywa alifungua mgahawa. Huo ulikuwa ukuaji, wa kweli, niliushika kwa mikono.

Kodi za vyumba vya juu zikapanda pia. Wapangaji walioshindwa wakahamia chini, kule bado bei ilikuwa ya zamani. Chini kukajaa zaidi. Na awamu ya pili haikuja.

Mwaka wa bajeti ukapita. Nikiuliza ofisini naambiwa fedha zimeelekezwa kwingine, kwenye mikoa iliyobaki nyuma. Birungi naye alikuwa anauliza, kwa karatasi, kwa simu, kwa kusimama kwenye milango ya watu. Tulijibiwa kwa upole sana.

Jumamosi ndiyo iliyokufa kwanza. Filimbi ililia, watu wa chini wakatoka, wa juu wakatoka wachache, halafu wawili, halafu hakuna. Hawakuwa watu wabaya. Mfereji wao ulikuwa wa zege, haukuwa na cha kuchimba. Lakini vipande vya bati na magunia ya takataka vilidondokea humo, na maji yaliyoteleza vizuri kwenye zege yalivibeba mpaka mahali zege linapoishia, yakavirundika kwenye mdomo wa mfereji wa udongo. Na maneno yakabadilika. Niliwasikia wa juu wakisema "wale wa kaskazini huko chini", ingawa chini kulikuwa na Waganda wengi tu. Niliwasikia vijana wa chini wakisema "Waganda wamekula mfereji". Miaka yote niliyokula kwa Akello sikuwahi kusikia mtu akipangwa kwa kabila kwenye mstari ule wa sahani.

Siku moja Opio alipanda mpaka karakana na mimi nikamfuata, kwa sababu niliona mwendo wake. Alibeba gunia la vipande vya bati, akalimwaga mbele ya duka la Ssalongo.

"Vyako hivi. Nimevitoa mlangoni kwangu."

Ssalongo alikuwa na wateja. Aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. "Afande, unareta vita dukani kwangu? Mimi nitajuaje ni vya nani? Karakana ziko ngapi hapa?"

"Njoo Jumamosi tuchimbe. Wewe tu. Wakikuona watakuja."

"Nina kazi Jumamosi. Mwanangu, serikali itachimba. Warisema."

"Usiniite mwanao," Opio alisema.

Akageuka akashuka. Ssalongo alibaki ameshika koleo la moto, wateja wakitazama pembeni. Nilitamani aseme neno. Alirudi kwenye sanduku lake na kuanza kugonga.

Mvua kubwa ya mwaka ule ilikuja mchana, baada ya chakula. Nilikuwa juu, nimejikinga barazani kwa mama wa mgahawa, na wote tulikuwa tumesimama tukiutazama mfereji. Lazima niseme ulipendeza. Maji yalijaa mpaka karibu na ukingo, ya kahawia, laini, yakikimbia bila kumwagika hata tone. Mtu mmoja alisema, "Banange, jamani, tazameni, hata kiatu hakilowi." Wengine wakacheka kwa furaha. Ssalongo alikuwa mlangoni kwake, mikono kiunoni, anatazama kama mtu anayetazama mtoto wake anavyokimbia.

Kisha tukasikia watu wa chini.

Hatukuelewa mara moja, mvua ilikuwa kubwa juu ya mabati. Mimi nilishuka nikiteleza, gambuti zimejaa maji. Pale zege lilipoishia, maji yalikuwa yameuchana ukingo wa udongo. Jiko jipya la Akello halikuwepo. Hakuna jiko, hakuna ukingo, kuna maji tu yanayozunguka. Alikuwa ameenda kunusuru masufuria yake na ungo wa ufuta, jirani akamwona ameinama, na ardhi ikaondoka chini yake.

Walimpata mvua ilipokatika, kwenye mafunjo. Opio ndiye aliyeingia kumtoa. Alimbeba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, akipandisha ile miguu yake myembamba kwenye tope kwa shida, na watu wakimfungulia njia.

Birungi alifika jioni ile ile. Alitembea ukingoni akipima mahali palipomomoka, na utepe wa kupimia ulikuwa unamponyoka mpaka nikashika mimi upande wa pili. "Niliwaandikia," aliniambia. "Dada Zamu, niliwaandikia." Nilimjibu kwamba najua. Mtakapokuwa makazini mtakutana na siku ambayo mmefanya kila mlichotakiwa kufanya, na bado mtu amekufa. Siku hiyo msimwambie mwenzenu hana kosa. Shikeni ule upande mwingine wa utepe mumsaidie kupima.

Msiba uliwekwa uani, kabla ya safari ya kwenda kuzika kwao Lango. Siku ya pili niliwaona watu wa juu wakishuka kwa mstari, Ssalongo mbele, amejitwisha mzigo wa kuni kichwani kama tunavyofanya tukienda kwa mfiwa. Vijana wa chini wakasimama kwenye kichochoro wakakiziba.

"Rudini na kuni zenu," mmoja alisema. "Mlipokuwa wakavu hamkutujua."

Ssalongo hakubishana. Aliangalia juu ya mabega yao, akamtafuta Opio kwa macho. Opio alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, umbali wa kusikia kila neno. Kama angeinua mkono tu, wale vijana wangepisha, maana aliwalea. Mimi nilikwenda nikapiga goti mbele yake. "Afande, Ssalongo yuko pale." Aliendelea kutazama viganja vyake. Nikarudia. Hakuinua macho.

Ssalongo akazishusha kuni taratibu, akaziegemeza ukutani, akaondoka na watu wake. Kuni zile hakuna aliyezigusa. Zilikaa pale hata baada ya lori kubeba jeneza, mpaka zikaota uyoga. Opio alikwenda na lori na hakurudi. Nyumba yake ya vyumba viwili iliuzwa na ndugu.

Awamu ya pili ilijengwa baadaye, kwa fungu jingine. Nendeni mkaione, ni kazi nzuri, Birungi aliisimamia mpaka tofali la mwisho kabla hajahamia kwingine. Maji sasa yanafika kwenye kinamasi bila kumgusa mtu. Na kodi za chini zimepanda kama za juu zilivyopanda, hivyo wengi waliolowa miaka ile hawaishi pale tena kufurahia ukavu. Wamesambaa, wengine wako nyuma ya viwanda karibu na Bugolobi, kwenye mabonde mengine, wanapandisha magodoro juu ya meza nyingine. Zege tulilipata. Jumamosi hazikurudi, na hakuna fungu la bajeti linaloweza kuzijenga.

Nilikuwa nimeshastaafu Ssalongo aliponijia. Amezeeka, mikono imejaa makovu ya moto, na kazi amewaachia mabinti zake. Alikaa kwenye lile kochi langu, hakugusa chai.

"Nataka kwenda kwa Opio," alisema. "Peke yangu naogopa."

Tulipanda basi alfajiri. Tulivuka Mto Nile pale Karuma, maji meupe chini yetu, Ssalongo akitazama kiti cha mbele njia nzima. Baada ya Lira tulichukua gari dogo, tukatoka kwenye barabara kuu na kuingia kwenye barabara nyingine, ya lami pia, nyembamba, safi, mitaro imejengwa kwa mawe pande zote mbili. Mimi kazi haijanitoka. Nilishangaa na kusifu ile mitaro kwa sauti.

Opio alitupokea. Alikuwa amekonda, lakini alisimama wima, akatukaribisha kwa mkono wa mtu anayejua kupokea wageni. Shemeji yake akatuletea kuku na ugali wa mtama, tukala. Halafu akatupeleka nyuma ya nyumba kwenye kaburi la Akello, limesakafiwa, kando yake wamepanda ufuta. Ssalongo alipiga magoti. Alijaribu kusema alichokuja kusema, kwa Kiganda, kisha kwa kile Kiswahili chake, na maneno yakamkatikia.

Opio alimngojea mpaka akatulia. Halafu akaongea, akitazama kule barabarani tulikotoka.

"Zamu, wewe ulikuwa unauliza ofisini fedha zetu zilienda wapi. Mimi nimejua. Zilikuja hapa." Akanyoosha kidole. "Ni hiyo lami. Mtu wa wilaya alinieleza, hakujua mimi ni nani. Alisema walikata kwenye mfereji mmoja wa Kampala wakaleta kaskazini, kwa sababu sisi tulisahauliwa muda mrefu. Na ni kweli tulisahauliwa. Mimi nimezaliwa hapa, najua."

Ssalongo akageuka akaitazama ile lami.

"Ndugu zangu sasa wanauza ufuta mpaka Lira, hauozi tena nyumbani. Binti wa kaka yangu alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, wakamfikisha hospitali. Yuko hai, na mtoto yuko hai. Zamani tungewazika wote wawili." Akaligeukia kaburi. "Na lori lililomleta Akello lilipita hapo hapo. Halikutikisika hata mara moja. Nilikuwa nimekaa nyuma na jeneza, nimejiandaa kulishika kwenye mashimo. Hakukuwa na mashimo. Sikujua bado. Nilisema moyoni, ahsante Mungu, angalau hapa amelala vizuri."

Ssalongo alikuwa analia bila kujificha. Opio akamshika chini ya kwapa, akamwinua kutoka chini, akamkung'uta udongo magotini kama mtu anavyomkung'uta mzee.

"Kuni zako niliziona siku ile," alimwambia. "Nilishindwa tu kuinua mkono."

Wanangu, nimeandika mengi na bado yule binti sijamjibu. Nitamjibu hivi: fedha zikifika, mahali huendelea. Katwe ya juu imeendelea, kijiji cha Opio kimeendelea, nimeviona vyote viwili kwa macho yangu, na mtu akiniambia niondoe lami ya wale akina mama wa Lango niirudishe Kampala, sitakubali. Lakini wanaogawa hawaoni zilikotoka na zilikofika kwa wakati mmoja. Anayeziona pande zote mbili ni mtu kama Opio, na hakuna anayemuuliza.

Jua lilipoanza kuteremka alitusindikiza kungoja gari. Mimi na Ssalongo tulipanda kwenye lami, ilikuwa bado na joto la mchana. Opio hakupanda. Alitembea sambamba nasi upande wa pili wa mtaro, kwenye majani marefu, akiyatenganisha kwa fimbo, ingawa njia nzuri ilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Shemeji yake akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ndivyo anavyotembea siku zote, mpaka sokoni, mpaka kanisani, hata mvua ikinyesha. Gari lilipofika alituaga kutoka kule kule, mkono juu, amesimama kwenye majani yanayomfika kiunoni.